Gololi Tumboni mwa Strungi

Vipande vya kioo vililia kwenye beseni la chuma. Daktari, mama mmoja mwembamba ambaye hatukuwa tumeonana naye kabla ya siku hiyo, alikuwa amezamisha mkono ndani ya farasi hadi karibu na bega. Akautoa polepole, akafungua kiganja chenye glavu ndefu, vikaanguka. Kimoja kikubwa, mviringo upande mmoja, kimekatika upande wa pili. Vingine vidogo vidogo. Usaha, na damu kidogo.

Mimi nilikuwa nimeshika kichwa. Strungi alikuwa ameingiza pua kwapani mwangu kama anayejificha mvua, anatetemeka, lakini hakupiga teke hata moja. Huyo ndiye farasi ambaye watu walizunguka wakisema ni mkorofi.

Mwenye farasi, Mzee Harshad, alikuwa upande wa pili wa vyuma vya kumzuilia farasi, shali ya mkewe imezungushwa shingoni kwa sababu ya baridi. Hakumwuliza daktari. Aliniuliza mimi.

"Wafula, nini hiyo?"

"Gololi, Mzee."

"Gololi? Ya kuchezea watoto?"

"Kubwa kuliko ya watoto. Ndiyo ile niliyokuambia."

Akainama, akatazama ndani ya beseni. "Lakini trena alisema ilitoka."

"Ndiyo, Mzee. Alisema."

Daktari akauliza tunazungumza nini. Baadaye alitueleza mwenyewe: gololi ilipasuka humo ndani, haijulikani lini, na tumbo la uzazi limekwaruzwa na kuoza na kupona na kuoza tena mpaka limejaa makovu. Nikamwuliza kama Strungi atapata mtoto. Akasema angependa sana kuniambia ndiyo.

Sasa nimestaafu, kama kustaafu ndilo neno la mtu aliyetolewa kazini na goti lake mwenyewe. Ninyi vijana mnaotoka mazizi ya farasi wa mbio ya Ngong Road, Kenya, kuja kufanya kazi huku London mmenisumbua niandike jinsi mambo yalivyokuwa. Haya. Habari ya mshahara naiacha, mtaiona wenyewe na hamtacheka. Habari ya vyeo naiacha pia kwa sababu sikupewa. Nitawaandikia habari ya mtamba mmoja na wanaume watatu, na wanaume hao nitawataja. Mke wangu, Rose, anasema nisiwataje. Nimemwambia wao wameshanitaja mimi, nitafika hapo.

Mimi ni saisi, mtunza farasi. Shule niliiacha darasa la sita, nikaenda Ngong Road kuomba kazi ya kubeba maji, na nikapewa. Aliyenifundisha kazi ni Mkamba mmoja, Mutiso, mtu mfupi mwenye kelele, ambaye kila alilonifundisha lilikuja limefungwa ndani ya tusi. Alinifundisha kupapasa mguu wa farasi kwa nyuma ya mkono, si kwa kiganja, kwa sababu kiganja cha saisi kina sugu na hakisikii joto. Na alinifundisha kusafisha banda. Mnadhani kusafisha banda ni kazi ya mjinga. Mutiso alikuwa ananisimamisha asubuhi mbele ya maranda yaliyolaliwa, ananiuliza kama mwalimu wa madrasa anavyomwuliza mtoto: amelala upande gani, amekojoa wapi, mavi ni magumu au laini, amechimba au hakuchimba. Ukikosea, unarudia banda zima kwa mkono. Nilirudia mabanda mengi sana.

Nilipokuja London nilikuwa mtu mzima mwenye mke. Zizi lilikuwa kusini kabisa, pale nyumba zinapokwisha na vilima vinapoanza, na sisi wafanyakazi tulilala kwenye makaravani nyuma ya ghala la nyasi. Rose alibaki Edmonton, kaskazini mwa jiji, anafanya kazi ya kutunza wazee, na tulionana Jumapili kama wachumba. Huku saisi anaitwa jina ambalo maana yake ni kijana. Una mvi, una mjukuu, unaitwa kijana. Siku ya kwanza trena, yaani mfunza farasi wa mbio na mkuu wa zizi, Desmond Tarrow, aliniuliza jina langu. Nikamwambia Wafula. Akasema ni gumu lakini atajaribu. Hakujaribu. Aliniita Wally mpaka siku niliyotoka pale nimebebwa.

Huyo ni wa kwanza, Tarrow. Si mjinga, msimwone mjinga. Anajua farasi. Angemtazama farasi akitembea hatua chache akakuambia anaumwa wapi. Ndiyo maana sitamsamehe. Mtu asiyejua nitamsamehe.

Strungi alikuja akiwa na mwaka mmoja, kwenye lori, amejaa jasho na hasira. Mama yake alikuwa ameshinda mbio kubwa. Bibi yake alikuwa amezaa washindi. Baba yake alikuwa dume ambalo watu husafiri kutoka nchi za mbali kuliletea majike yao. Mimi nimeshika farasi wa kila aina, na nawaambia, damu unaiona. Alishuka kwenye lori lile, akasimama, akatutazama mmoja mmoja kana kwamba sisi ndio tuliokuja kwa mnada.

Nyuma ya lori ikaja gari dogo, akatoka Mhindi mmoja mzee mwenye koti refu na viatu visivyofaa matope. Tarrow akakimbia kumpa mkono. Mzee akatazama farasi, kisha akanitazama mimi, akaacha kumsikiliza Tarrow.

"Wewe mtu wa wapi?"

"Kenya, Mzee. Bungoma."

"Aa! Mimi wa Nakuru, bana!" Akanishika mkono wangu mchafu kwa mikono yake miwili. "Nimekaa hii nchi miaka, mvua tu, mvua tu. Duka langu liko Rayners Lane, karibu na stesheni. Bizari, sufuria, unga wa ugali, vyote nauza. Wewe ndiye utamshika huyu?"

"Nikipewa."

"Nimekupa." Akamgeukia Tarrow akamwambia kwa Kiingereza, huyu ndiye atakayemshika. Tarrow akacheka, lakini masikio yake yakawa mekundu.

Jina Mzee alimpa palepale, kwa sababu mtamba alikuwa mweusi mwenye wekundu ndani, kama chai isiyo na maziwa. Strungi. Watangazaji wa mbio walilitafuna jina hilo kila namna. Kuna mmoja alilitamka kama mtu anayepaliwa. Mzee alikuwa akicheka mpaka anashika ukuta.

Basi tukawa tunazungumza Kiswahili, mimi na yeye, kila Jumamosi akija na paketi ya chevda, vile vitafunio vya Kihindi vya pilipili. Tarrow aliposikia mara ya tatu akaniita kando, akaniambia mbele ya mwenye farasi nizungumze lugha ambayo kila mtu anaielewa. Kila mtu alikuwa ni yeye. Nikaendelea kuzungumza Kiswahili.

Strungi alikuwa na tabia zake. Alichukia mwavuli. Ndizi alikula na ganda lake, lakini ukimenya anaikataa. Ukimsugua chini ya shavu anaachia mdomo wa chini unaning'inia kama wa mzee aliyelala kanisani. Mbio ya kwanza alishangaa kelele, akaja wa nne. Ya pili akaelewa shughuli ni nini, na hakuna aliyemkaribia. Majira ya baridi Tarrow alimpumzisha, na Mzee akaanza kuota ndoto ambazo nyinyi mtazisikia sana kwa wenye farasi, lakini ya huyu haikuwa ya fedha. Alikuwa na binti mmoja aliyeolewa mbali, na mtoto wa kiume anayejua simu tu. Alitaka kitu chenye ukoo. Alisema Strungi akimaliza kukimbia hamuuzi kwa mtu. Atazaa, na binti zake watazaa, na wajukuu wake yeye watakuwa na farasi ambao bibi yao aliletwa na babu.

Jumamosi akija alikuwa na picha za madume kwenye simu. "Huyu je?"

"Miguu ya mbele imepinda kidogo, Mzee."

"Na huyu? Mpole?"

"Huyo anauma watu."

"Aa, hapana. Hapana kabisa. Familia gani hiyo?"

"Mzee, unatafuta dume au unatafuta mkwe?"

"Mkwe, bana! Natafuta mkwe!" Tarrow akatuangalia kutoka mlango wa ofisi.

Ikafika majira ya kuchipua. Farasi jike, mnajua, siku zinaporefuka hutaka dume, na akiwa katika hali hiyo wengine hawana habari na mbio. Strungi alikuwa mmoja wao. Tulimpeleka kwenye mbio ambayo magazeti yote yalimpa ushindi. Kwenye uwanja wa kuzungusha farasi mbele ya watu, akaona dume la kijivu mbele yake, akasimama. Akainua mkia. Watu walioleta watoto wao wakaanza kuwaonyesha watoto vitu vingine. Nilivuta, nikabembeleza, hakusogea mpaka lile dume liliposogea. Kwenye mbio alikimbia nyuma yake njia nzima kwa mapenzi, hakutaka kumpita. Mimi nilicheka peke yangu. Tarrow hakucheka.

Siku chache baadaye akaja Daktari Fenn. Huyo ni wa pili. Daktari wa farasi, mtu wa sauti ya chini na mikono safi, aliyekuwa akihudumia zizi letu na mazizi mengine, na pia shamba la kuzalishia la rafiki yake Tarrow. Likumbukeni shamba hilo. Alikuja na kifuko, ndani yake gololi moja ya kioo iliyochemshwa, kubwa kama yai dogo la kuku. Wanaiingiza kwenye tumbo la uzazi, mwili wa jike unadanganyika kwamba una mimba, hamu inaisha. Kuna waliokuwa wakifanya hivyo kabla yao, hawakuanzisha wao. Mimi sikusoma, sijui sheria inasemaje. Najua tu nilichouliza.

"Mwenyewe amekubali?"

Tarrow akasema, "Mwenyewe anauza bizari. Shika kichwa."

"Anataka azae."

"Atazaa. Fenn ataitoa. Na mara nyingi zinatoka zenyewe, utaiona kwenye takataka. Shika kichwa, Wally."

Fenn alikuwa anavaa glavu.

Basi kuanzia kesho yake nikawa natafuta gololi. Kila asubuhi, kabla ya chai. Nilipepeta maranda kwa uma, kisha kwa mikono, fungu kwa fungu, kabla ya kuyatia kwenye toroli, kama nilivyofundishwa. Wenzangu walifurahi sana. Mmoja aliniuliza kama nimepoteza pete ya ndoa. Mwingine akawa anakuja mlangoni kila siku: "Wally, farasi wako ametaga?" Wakaniletea yai la kuku, wakaliweka kwenye kona ya banda. Nilicheka nao. Nikaendelea kupepeta. Siku ya mapumziko yangu nilimwachia kazi hiyo mwenzangu mmoja tu niliyemwamini, naye alikuwa anasema ananionea huruma, lakini alipepeta.

Strungi akashinda. Mbio ile kubwa ya kiangazi alishinda akiwa ameinua masikio, hajachoka. Mzee Harshad alicheza mbele ya watu wenye kofia ndefu, akanilisha peremende kwa mkono wake mwenyewe mdomoni, mbele ya Tarrow. Hakuuliza kwa nini mtamba wake ameacha kutazama madume. Mshindi haulizwi.

Baridi ilipoanza nilimwambia Tarrow gololi haijatoka, Fenn aitoe sasa. Akasema imetoka. Nikamwambia haijatoka, mimi ndiye ninayesafisha banda lile. Akasema basi husafishi vizuri. Mwaka uliofuata, ni mwaka wa pili ile gololi iko ndani, Strungi akabadilika. Ukimfunga mkanda wa tandiko anakunja tumbo na kusaga meno. Anakaa kama anataka kukojoa na hakojoi. Mkia haukutulia. Na kulikuwa na harufu, siku nyingine, si kila siku. Nilisema. Tarrow alinipa jibu ambalo mtalisikia mazizi yote ya dunia: "Ni jike, Wally."

Asubuhi iliyonitoa kazini ilikuwa ya kawaida. Nilikaza mkanda tundu la kwanza, akavumilia. Tundu la pili, akapiga kelele ambayo farasi hapigi, akageuka, akanipata kwenye goti, na nilipoanguka akanipata mbavuni. Walinitoa kwa kuniburuta kwenye maranda. Hospitali walinitoa bandama, wakanifunga goti kwa vyuma, daktari mmoja wa Kinaijeria akaniambia kwato ingepita juu kidogo tusingekuwa tunazungumza. Nimeishi. Mguu wangu unatangaza mvua kabla ya redio, lakini nimeishi, na mtu aliyeishi anaweza kusema.

Tarrow alitangaza mtamba amekuwa hatari, amempiga saisi wake mwenyewe, mbio zimetosha, aende akazalishwe. Akampeleka shamba la yule rafiki yake. Daktari wa shamba: Fenn.

Nilipoweza kusimama, nilikwenda Rayners Lane. Kutoka Edmonton kwa magongo, basi, treni, ngazi, treni, ngazi. Mzee alinikalisha kwenye kiti nyuma ya kaunta, kati ya magunia ya mchele, akaniletea chai. Nikamwambia yote. Gololi, Fenn, nilivyopepeta, harufu, yote. Uso wake ukawa wa majivu. Akachukua simu palepale, akampigia Tarrow, na simu ilikuwa na sauti kubwa kwa sababu Mzee hasikii vizuri sikio moja. Nilisikia kila kitu.

Tarrow alikuwa mpole kama asali. Ndiyo, kulikuwa na gololi kwa muda mfupi, ni jambo la kawaida. Ilitoka zamani. Fenn alimkagua. Kisha akasema, "Maskini Wally. Alipata pigo baya sana. Tunamwonea huruma wote."

Mzee akakata simu. Akakaa. Akapanga upya paketi za bizari ambazo zilikuwa zimepangika.

"Trena anasema imetoka."

"Mzee, nimepigwa goti. Sikupigwa kichwa."

"Najua, Wafula. Najua. Lakini daktari amekagua. Daktari, bana."

Akanifungia chevda paketi tatu, na unga, na akamwita kijana wa duka anisindikize stesheni.

Huyo ni wa tatu. Mnashangaa? Alinipenda, sikatai. Lakini mimi nimetoka Kenya na yeye ametoka Kenya, na wote wawili tunajua kilichotokea nyuma ya ile kaunta. Saisi ni mtu wetu, tunacheka naye, tunakula naye peremende. Neno la saisi likikutana na neno la mzungu mwenye koti, tunajua lipi linakaa. Mzee alivuka bahari na alizeeka huku na anawasema wazungu usiku na mchana kwa Kigujarati, na bado siku ile alichagua kama baba yake angechagua Nakuru zamani zile. Nilirudi nyumbani na paketi zangu. Rose akauliza, "Kakuamini?" Nikamwonyesha chevda.

Msimu wa kwanza Strungi akapelekwa kwa dume alilolichagua Mzee, pole, la familia nzuri. Fenn akampima kwa mashine. Hakuna mimba. Msimu wa pili, tena na tena, Fenn akampima. Hakuna mimba. Habari ikazunguka kwamba ni tasa. Mnajua neno hilo likishaanza kutembea halirudi. Rose, ambaye hajawahi kumgusa farasi, alikuwa anakunja nguo niliposoma ujumbe wa Mzee, akasema, "Hata farasi! Hata farasi mwanamke ndiye tasa!" Binti yetu, Nekesa, akajibu kwa Kiingereza chake kwamba huyo ni farasi tu, mama. Rose akamwambia atulie, hajui anachokisema.

Mzee akaanza kuwa na shaka, lakini shaka yake aliipeleka kwa dume. Akaamua kubadilisha mkwe. Dume jipya lilikuwa shamba lingine, mbali na Tarrow, na shamba hilo lilikuwa na daktari wake, yule mama mwembamba. Strungi hakukubali kuingia kwenye vyuma vya kupimia na mtu yeyote. Akavunja ubao. Mzee akanipigia: "Wafula, tafadhali. Anakujua wewe." Nikaenda. Nikamsugua chini ya shavu, tukaingia pamoja. Yule daktari aliweka mashine yake, akatazama, na hakutazama kwa muda mrefu. Akageuza kioo cha mashine kuelekea kwetu na kuuliza nani ameweka hiki kitu hapa.

Narudia ili muelewe. Hakutafuta. Kilikuwa pale. Aliweka mashine akakiona.

Tukirudi, Mzee aliendesha gari mpaka tulipoanza kuona mabasi mekundu. Akasema bila kugeuka, "Kwa nini hukusema kwa nguvu?"

"Nilisema kwa magongo mawili, Mzee. Kutoka Edmonton mpaka Rayners Lane."

"Ungenipigia kelele."

"Ungesema nimepigwa kichwa."

Akasimamisha gari mbele ya duka la kuku wa kukaanga, mahali pasiporuhusiwa, watu wakampigia honi. Alilia pale kama mtoto, shali ya mkewe mdomoni. Mimi sikumbembeleza. Nilimwacha alie. Alipomaliza nikamwambia awashe taa za gari.

Aliwauliza Tarrow na Fenn, sifa hiyo nampa. Tarrow akasema ni jambo la kitabibu, mwulize Fenn. Fenn akasema yeye alifuata maagizo ya zizi, mwulize Tarrow. Na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake kana kwamba wamekubaliana, wakasema kwamba kuangalia kama gololi imetoka lilikuwa jukumu la yule kijana wa banda. Kijana. Walinitaja kwa jina: Wally alisema imetoka. Sikusema hivyo. Sijawahi kusema hivyo, kwa lugha yoyote ninayoijua. Yule mwenzangu aliyepepeta siku zangu za mapumziko bado anafanya kazi kwa Tarrow, ana watoto, simtaji. Yeye anajua.

Ninyi mlioko mazizini, na mtakaokuja. Sina ushauri mzuri. Pepeteni maranda. Mkiona, semeni mbele ya watu wengi, siyo kwenye mlango wa ofisi kama nilivyosema mimi, maana mlangoni pa ofisi maneno yanabaki ya watu wawili na mmoja wao si wewe. Msikubali kuitwa jina lisilo lenu, kwa sababu siku ya kesi ndilo jina hilo litakalopewa lawama.

Strungi yuko kwenye malisho ya lile shamba la pili. Wanamwosha tumbo la uzazi kwa dawa. Majira yajayo daktari atajaribu mara moja, akishindwa basi. Mtoto wa Mzee anataka auzwe kwenye mnada wa baridi, na jike lililoandikwa tasa linaponunuliwa mnadani hakuna anayeuliza linakwenda wapi. Mzee anamzuia mwanawe, lakini Mzee anazeeka, na kila wiki anazuia kwa nguvu pungufu. Mimi naenda kumwona ninapoweza. Ananijua kwa mwendo wangu mpya. Ananisogelea polepole, kama aliyeambiwa goti langu lilivunjikaje.

Sitaki samahani. Desmond Tarrow, simama mbele ya zizi lako lote asubuhi, vijana wote wakiwa na uma zao mikononi, useme nani alikuambia imetoka. Taja mtu. Kama ni mimi, nitakuja, nitasimama mbele yako unisemee usoni, na uniite Wafula.

Na wewe Fenn, mwenye mikono safi. Gololi ile uliiweka wewe. Misimu miwili ulimpima jike yule kwa mashine ileile ambayo mwenzako aliitumia akaona mara moja. Uliandika ni tasa. Sikuulizi jambo la kitabibu, mimi ni mtu wa darasa la sita. Nakuuliza hili moja, na Mzee Harshad anangoja jibu, na lazima ulijibu kabla ya mnada: uliiona ukanyamaza, au uliingiza mkono misimu miwili na hukutazama?